Barbitureti na Kufa kwa Tishu: Somo la Kihistoria kwa Wakuza Istilahi

Miongoni mwa kazi zinazofika katika dawati la istilahi zipo zile zinazoonekana nyepesi kwa macho, lakini uzito wake hutambulikana mtu anapozishika. Moja ya kazi hizo ilikuwa tafsiri ya karatasi ya maelezo ya dawa, kurasa mbili tu, iliyoletwa ili lugha yake ihakikiwe kabla ya kupigwa chapa. Dawa yenyewe ni thiopentali, ambayo kwa miongo mingi ilitumiwa kumlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Mfasiri alikuwa mtu makini, na sarufi yake haikuwa na dosari. Lakini katika sehemu ya maonyo aliandika hivi: "Dawa hii idungwe katika mshipa tu. Isidungwe kamwe katika mshipa wa damu."

Msomaji bila shaka atajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, ni mshipa upi huo usiokuwa wa damu. Jibu ni kwamba mfasiri alikuwa na maneno mawili ya kigeni mbele yake. Moja ni jina la njia inayorudisha damu moyoni, na la pili ni jina la njia inayotoa damu moyoni. Katika Kiswahili cha kila siku alikuta neno moja tu, mshipa, naye akajaribu kuligawa mafungu mawili kwa kuliongezea maelezo upande mmoja. Hakukusudia ubaya. Hata hivyo muuguzi atakayeisoma sentensi ile hana budi kufanya moja kati ya mambo mawili: ama aipuuze, ama aifuate kwa kubahatisha. Na akibahatisha vibaya, dawa ile ile inayomlaza mgonjwa yaweza kuuua mkono wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jamii ya dawa iitwayo barbitureti inavyohusiana na kufa kwa tishu, na jinsi uhusiano huo ulivyogunduliwa hatua kwa hatua. Kusudi letu si kufundisha utabibu, kwani kazi hiyo ina wenyewe. Kusudi ni kuonyesha kwamba katika historia hii kila hatua ya maarifa ilidai tofauti mpya ya maneno, na kwamba lugha isiyoziweka tofauti hizo humhatarisha mtumiaji wake.

Kuzaliwa kwa barbitureti

Historia ya dawa hizi inaanzia katika maabara ya kemia, wala si hospitalini. Mwaka 1864 mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza asidi mpya ambayo molekuli yake ni muungano wa urea na asidi ya maloniki, akaiita asidi ya barbituriki. Asili ya jina hilo imesimuliwa kwa namna mbalimbali. Wengine husema alisherehekea ugunduzi wake siku ya Mtakatifu Barbara, somo wa askari wa mizinga. Wengine husema Barbara alikuwa mwanamke aliyefahamiana naye. Vyovyote iwavyo, mkuza istilahi anapata hapa funzo la kwanza, nalo ni kwamba si kila neno la kisayansi huzaliwa kwa mantiki. Mengine huzaliwa kwa bahati, kisha hudumu kwa sababu wataalamu wamelikubali.

Asidi ile yenyewe hailetei mtu usingizi. Ilipita miaka karibu 40 kabla Emil Fischer na Joseph von Mering hawajatangaza, mwaka 1903, kwamba asidi hiyo ikibadilishwa kidogo hugeuka dawa ya usingizi yenye nguvu. Dawa hiyo iliuzwa kwa jina la Veronal. Mwaka 1912 ikafuata Luminal, ambayo jina lake la kitaalamu ni fenobarbitali, na mwaka huo huo daktari Alfred Hauptmann alieleza kwamba inapunguza kifafa. Fenobarbitali ingali inatumika mpaka leo. Ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1977, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki ni mojawapo ya vidonge vinavyojulikana sana na jamaa za wagonjwa wa kifafa.

Hapa yafaa tutaje tatizo moja la majina lililowasumbua wafasiri wetu kwa muda mrefu. Waingereza walizoea kuyamalizia majina ya dawa hizi kwa sauti ya -oni, ilhali Wamarekani waliyamalizia kwa -ali. Kwa hiyo waganga wetu waliosoma vitabu vya Uingereza walisema fenobarbitoni na thiopentoni, na waliosoma vya Marekani walisema fenobarbitali na thiopentali, nao wote walikuwa wakitaja dawa zile zile. Majina ya kimataifa yamefuata -ali, na Uingereza nayo iliyakubali mwanzoni mwa karne hii ya 21. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia -ali, na ingefaa wafasiri wote wafanye vivyo hivyo, ili mgonjwa asipewe dawa moja mara mbili kwa majina mawili.

Barbitureti za mwanzo zilimezwa, na usingizi wake ulichukua muda kuja na muda mrefu zaidi kuondoka. Madaktari wa upasuaji walitaka dawa ya kudungwa, itakayomlaza mtu mara moja. Katika maabara ya kampuni ya Abbott huko Marekani, Ernest Volwiler na Donalee Tabern walitengeneza thiopentali, na tarehe 8 Machi 1934 Ralph Waters aliitumia kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin. Miezi michache baadaye John Lundy aliianza katika Kliniki ya Mayo. Mgonjwa alidungwa, na kabla hajamaliza kuhesabu alikuwa amelala. Watu wengi waliingia katika usingizi wa upasuaji bila ya kuzibwa pua kwa kitambaa cha etha. Dawa ikaenea upesi, na kwa kuenea kwake hatari zake nazo zikaanza kuonekana.

Neno "nekrosi" na safari yake

Kabla ya kuzieleza hatari hizo, yatupasa tulitazame neno linalozitaja. Nekrosi ni neno la asili ya Kigiriki, lenye mzizi unaomaanisha maiti. Kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya walilitumia zaidi kwa mfupa uliokufa, na kufa kwa nyama laini kukaitwa gangrini. Mwaka 1858 Rudolf Virchow alichapisha mihadhara yake juu ya elimu ya magonjwa ya seli, akafundisha kwamba ugonjwa hauna budi kutafutwa katika seli, yaani katika chembe ndogo kabisa zinazoujenga mwili. Tangu hapo nekrosi ikawa jina la tukio linaloonekana kwa hadubini: seli zimekufa huku mwenyewe angali hai.

Maana hiyo ikazidi kubainishwa zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walieleza kwamba kuna kufa kwingine kwa seli ambako si ajali bali ni utaratibu wa mwili wenyewe: seli hujikunja, hujigawa vipande, ikaondoka bila ya kuwasha uvimbe. Walihitaji neno. Walimwendea James Cormack, profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, naye akawapa apoptosi, neno linalotumika kwa majani yanayodondoka mtini. Wataalamu wa sayansi hawakuona haya kumwendea mwalimu wa lugha, na mwalimu wa lugha hakuona kwamba jambo lile halimhusu. Sisi nasi tunalo neno letu la majani yadondokayo yenyewe yakikomaa, nalo ni kupukutika. Kama tutaita apoptosi "kupukutika kwa seli", tutakuwa tumefuata njia ile ile aliyoifuata profesa yule.

Njia ya kwanza: dawa kugusa tishu

Turudi sasa kwenye thiopentali. Dawa hii huja katika hali ya unga, nayo huyeyushwa katika maji kabla ya kudungwa. Maji hayo ya dawa yana ubesi mkali; kipimo chake cha pH ni zaidi ya 10, ilhali cha damu ni kama 7.4. Sindano ikikosea njia na dawa ikavuja nje, tishu za pembeni huunguzwa, na pengine hufa. Hiyo ni hatari ya kwanza, nayo ilitambuliwa mapema.

Hatari kubwa zaidi ni sindano kuingia katika ateri. Mwaka 1943 Robert Macintosh wa Oxford, pamoja na mwenzake Heyworth, waliandika katika jarida la Lancet kuwaonya madaktari juu ya jambo hilo, na mwaka 1948 jarida hilo hilo lilichapisha makala marefu zaidi ya Cohen. Dalili zake ni za kutisha. Mgonjwa ambaye hajalala bado hulia kwamba mkono unaungua kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Kiganja hugeuka cheupe, na pigo la damu kifundoni hupotea. Baadaye ngozi huwa na rangi ya samawati, kisha nyeusi, na katika visa vibaya vidole, au hata mkono, hukatwa.

Kwa nini dawa ile ile iwe salama katika vena na iwe balaa katika ateri? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba sababu ni ule ubesi peke yake. Mwaka 1966 uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Anaesthesia ulielekeza macho kwenye jambo jingine. Thiopentali huyeyuka vizuri katika ubesi tu. Ikikutana na damu, yenye pH ya chini, sehemu yake huganda ikawa fuwele ndogo. Katika vena fuwele hizo husafiri kuelekea moyoni kupitia njia zinazozidi kupanuka, damu nyingi ikazichanganya, nazo zikayeyuka tena. Katika ateri mwendo ni kinyume. Njia huzidi kuwa nyembamba kadiri damu inavyokaribia vidole, mpaka fuwele zikazikwama. Kuta za ateri huumia na kujibana, damu huganda, na tishu zilizo mbele hukosa hewa ya oksijeni. Zikikosa kwa saa kadhaa, hufa.

Maarifa hayo yalibadili desturi za kazi. Mahali palipopendwa kudungwa palikuwa mbele ya kiwiko, kwa sababu vena yake ni nene na huonekana wazi. Lakini ateri kubwa ya mkono inapita jirani kabisa, na kwa watu wengine tawi lake hupita juu juu chini ya ngozi. Wauguzi na madaktari wakafundishwa kupapasa kwanza wasikie kama mshipa unapiga, kudunga kidogo kisha kungoja, na kumwuliza mgonjwa anahisi nini. Vile vile maji ya dawa yenye nguvu ya asilimia 5 yakaachwa katika mahali pengi, yakachukuliwa ya asilimia 2.5. Na ikiwa kosa limekwisha kutendeka, walifundishwa wasiichomoe sindano kwa pupa, kwani njia ile ile yaweza kupitishwa dawa ya kuilegeza ateri na ya kuzuia damu isigande.

Msomaji ataona kwamba elimu hii yote, ya miaka zaidi ya 20, imesimama juu ya tofauti moja: vena na ateri. Mwondolee muuguzi maneno hayo mawili, umwachie "mshipa", utakuwa umeifuta elimu yote kwa kalamu.

Njia ya pili: uzito wa usingizi

Barbitureti huua tishu kwa njia nyingine pia, isiyohitaji sindano. Dawa hizi hupita ngazi kwa ngazi. Kipimo kidogo hutuliza, kikubwa kidogo hulaza, kikubwa zaidi humtia mtu nusukaputi, na kikizidi hapo humtia katika koma na kuizuia pumzi. Umbali baina ya ngazi moja na nyingine ni mdogo, na ndiyo maana katikati ya karne ya 20 hospitali za Ulaya na Marekani zilipokea watu wengi sana waliokuwa wamemeza vidonge kupita kiasi, wengine kwa bahati mbaya na wengine kwa makusudi.

Mtu mwenye usingizi wa kawaida hujigeuza mara nyingi usiku. Aliye katika koma hajigeuzi. Uzito wa mwili wake hukaa mahali pamoja, kwenye kisigino, goti, nyonga au bega, na damu haipiti vizuri hapo. Isitoshe, pumzi yake ni dhaifu, na damu yenyewe ina oksijeni kidogo. Mwaka 1965 Beveridge na Lawson walieleza katika British Medical Journal kwamba wagonjwa kama 6 au 7 katika kila 100 waliolazwa kwa sumu ya barbitureti walikuwa na malengelenge ya ngozi. Ngozi hiyo ikitazamwa kwa hadubini, tezi za jasho huonekana zimekufa. Kwa muda watu walidhani kwamba hiyo ni alama ya barbitureti pekee. Lakini malengelenge ya aina hiyo yalikuwa yamekwisha kuelezwa mwaka 1812 na Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, kwa askari waliolewa moshi wa makaa, na katika miaka iliyofuata yalionekana kwa watu walio katika koma ya sababu nyingine. Hivyo dawa si mhusika pekee. Koma yenyewe nayo ina lake.

Chini ya ngozi kuna misuli, na misuli nayo hufa ikigandamizwa kwa muda mrefu. Mwaka 1941, wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu, Bywaters na Beall waliwaeleza watu waliofukuliwa kwenye vifusi wakiwa hai, ambao siku chache baadaye figo zao zilisimama. Misuli iliyokufa hutoa rangi yake katika damu, nayo huziharibu figo. Baadaye madaktari waliona mambo hayo hayo kwa mtu aliyekutwa sakafuni baada ya kumeza barbitureti. Hapakuwa na ukuta uliomwangukia. Aliyemgandamiza alikuwa yeye mwenyewe kwa uzito wake.

Dawa ya mambo haya haikupatikana katika chupa. Mjini Copenhagen, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 1949 kwa wagonjwa wa sumu, madaktari waliacha desturi ya kumpa mgonjwa dawa kali za kumwamsha. Badala yake walilinda pumzi yake na mzunguko wa damu yake, na wauguzi wakamgeuza mara kwa mara mchana na usiku. Clemmesen na Nilsson walipoandika habari zake mwaka 1961, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka takribani wagonjwa 20 katika kila 100 hadi 1 au 2. Yafaa tukumbuke kwamba ushindi huo ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mikono ya wauguzi.

Njia ya tatu, na matumaini yaliyokwenda kinyume

Njia ya tatu ni adimu, lakini ndiyo inayoihusu fenobarbitali, dawa tunayoitumia sisi wenyewe. Mwaka 1956 daktari wa Uskochi, Alan Lyell, aliueleza ugonjwa ambao tabaka ya juu ya ngozi hufa na kubambuka kama ya mtu aliyeungua moto. Baadaye ilithibitika kwamba mara nyingi husababishwa na dawa ambayo mwili wa mtu fulani umeikataa, na fenobarbitali imo miongoni mwa dawa hizo. Hapa hapana sindano iliyokosea wala uzito uliogandamiza; kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia. Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza vidonge hivi karibuni, akatokwa na vipele pamoja na vidonda vya mdomoni au machoni, apelekwe hospitali mara moja bila ya kungoja.

Kwa upande mwingine, kulikuwa na matumaini kwamba barbitureti zingeweza kuzuia tishu zisife. Dawa hizi hupunguza kazi ya ubongo, na ubongo usiofanya kazi nyingi huhitaji oksijeni kidogo. Je, mtu ambaye moyo wake umesimama kisha ukafufuliwa akipewa thiopentali, ubongo wake hautaokoka? Swali hilo lilijaribiwa kwa wagonjwa 262 katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1986, na jibu likawa kwamba faida haikuonekana. Mpaka leo madaktari huzitumia mara chache kwa ubongo uliovimba baada ya ajali, njia nyingine zikishindikana. Kwa ujumla enzi ya barbitureti imepita. Kuanzia mwaka 1960 zilifuata dawa za jamii nyingine zisizoizuia pumzi kwa urahisi hivyo, na mwaka 2011 utengenezaji wa thiopentali nchini Marekani ulikoma. Zilizobaki katika matumizi mapana ni chache, na fenobarbitali ndiyo inayoongoza.

Mambo manne ya istilahi

Kutokana na historia hii, yapo mambo manne ambayo ingefaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayazingatie.

Kwanza ni neno mshipa. Kila msemaji anajua kwamba mshipa waweza kuwa wa damu au wa fahamu. Kwamba mtu husema mshipa wa shingo umevutika. Na kwamba kuna ugonjwa uitwao mshipa, ambao ni uvimbe wa sehemu za siri. Utajiri huo wa maana ni mali ya lugha, wala hatuna haja ya kuupiga marufuku. Hata "sindano ya mshipa", kama isemwavyo wodini, yaweza kuendelea kusemwa baina ya watu wanaoelewana. Lakini katika maandishi ya maelekezo na maonyo, yatumike maneno matatu: vena, ateri na neva. Na kwa msomaji wa kawaida ateri ielezwe kuwa ni mshipa wa damu unaopiga, maana kila mtu aweza kuugusa kifundoni mwake akausikia.

Pili ni neno kufa. Katika Kiswahili kiungo hufa kwa namna nyingi. Mguu uliokaliwa hufa ganzi, na baada ya dakika mbili huamka. Mtu aliyepooza husemwa amekufa upande mmoja, ingawa nyama ya upande huo ni hai. Kwa hiyo tukiandika "mkono waweza kufa" bila ya maelezo, msomaji ataelewa kwamba utakufa ganzi, naye hatashtuka. Inafaa tuandike "kufa kwa tishu", na katika vitabu vya wataalamu "nekrosi", na mara ya kwanza tueleze kwamba tishu iliyokufa hivyo hairudi kuwa hai.

Tatu ni kutochanganya nekrosi na kuoza, wala gangrini na donda ndugu. Nekrosi ni kufa. Kuoza ni kazi ya vijidudu baada ya kufa, nayo yaweza isitokee. Kidole kilichokufa kwa kukosa damu chaweza kukauka kikawa cheusi bila ya harufu. Donda ndugu kwa wazee wetu ni kidonda kibaya kinachoenea na kukataa kupona, na ni jina zuri la kidonda hicho. Mgonjwa akiambiwa mkono wake una donda ndugu, atatafuta kidonda, asipokiona atadhani yu mzima.

Nne ni "dawa ya usingizi". Kwa jina hili twaita kidonge cha kumezwa nyumbani, sindano ya chumba cha upasuaji, na pengine hata dawa ya ganzi ya kung'olea jino. Ingefaa tutenge: dawa ya kutuliza, dawa ya kulaza, dawa ya nusukaputi na dawa ya ganzi. Barbitureti ni jina la jamii ya kikemia, na dawa za jamii hiyo zaweza kuingia katika mafungu matatu ya kwanza kwa kutegemea kipimo. Neno nusukaputi lisidharauliwe kwa kuwa ni la mitaani. Limeishi, linaeleweka, nalo linasema kweli kwamba mtu yule yu katikati ya uhai na mauti.

Onyo ni maneno

Pengine kuna msomaji atakayeona kwamba tunakuza mambo, na kwamba daktari aliyesoma hahitaji kufundishwa na karatasi. Kwake tunatoa kisa kimoja. Mwaka 2000, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, mwanamuziki mmoja alidungwa prometazini, dawa ya kuzuia kutapika ambayo pia huleta usingizi ingawa si barbitureti. Dawa iliingia katika ateri, tishu zikafa, na mkono wake ukakatwa. Shauri lake lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo ilitoa hukumu mwaka 2009, na fidia ikawa zaidi ya dola milioni 6. Lililobishaniwa halikuwa kama dawa ni mbaya. Lilikuwa maneno: je, maandishi yaliyofuatana na dawa yaliionya hatari hiyo kwa uwazi wa kutosha? Baraza la wazee wa mahakama lilisema hapana, na hukumu hiyo ikasimama. Hayo yalitokea kwa waliokuwa na lugha yenye majina mawili kamili ya mishipa hiyo. Sisi tulio na jina moja tunahitaji uangalifu maradufu.

Ile karatasi tuliyoanza nayo ilirudishwa kwa mfasiri, akaipokea kwa moyo mkunjufu, na baada ya mashauriano na mganga mmoja sehemu yake ya maonyo ilisomeka hivi: "Dawa hii idungwe ndani ya vena tu. Isidungwe kamwe ndani ya ateri, yaani mshipa wa damu unaopiga, kwani husababisha kufa kwa tishu na mkono waweza kukatwa. Kabla ya kudunga, papasa usikie kama mshipa unapiga. Mgonjwa akilalamika kwamba mkono unaungua, acha kudunga mara moja, usichomoe sindano, mwite daktari."

Ni sentensi nne badala ya mbili, na hapana hata moja yenye fahari. Wasomaji wenye maneno bora kuliko vena na ateri, hasa walimu wa uuguzi na waganga wanaofundisha kwa Kiswahili, wanaombwa wayalete ili yajadiliwe. Mpaka hapo yatakapopatikana, haya mawili yatumike, nayo yatumike bila ya kuchanganywa.